Kubashiri mchezo wa roboti kabla haujatangazwa: mwongozo kwa klabu za shule za Mtwara na Lindi

Kila mwaka, Jumamosi moja mwanzoni mwa Januari, waandaaji wa FIRST Robotics Competition, au FRC kwa kifupi, shindano la roboti la vijana wa sekondari linaloendeshwa na shirika la FIRST, hutangaza mchezo mpya kule Marekani. Mpaka saa hiyo hakuna timu inayojua roboti yake itatakiwa kufanya nini: irushe mipira, ipange makreti au ipande mnyororo. Kinachotangulia ni kidokezo tu, tena cha mafumbo: jina, picha, video ya sekunde chache, pengine mstari mmoja ambao hata Mmarekani mwenyewe haelewi unasema nini. Basi hapo vijana wa roboti dunia nzima huanza kuagua.

Mwongozo huu ni wa mlezi wa klabu ya roboti kwenye sekondari ya huku Kusini, pamoja na wanafunzi wake. Si lazima klabu iwe imejisajili kushindana. Ada ya FRC peke yake ni maelfu ya dola, fedha ambazo kwa shule ya kata ni matundu kadhaa ya choo. Lakini kitabu cha kanuni hutolewa bure kwa kila mtu, na zoezi la kubashiri halina ada. Linafaa vilevile kwa FIRST Tech Challenge, yaani FTC, ambayo hutangazwa Septemba, kwa FIRST LEGO League ya wadogo inayotangazwa Agosti, na kwa FIRST Global, ambayo hualika timu moja tu kutoka kila nchi.

Niseme mapema ili tusichoshane: anayebashiri hadithi ya mchezo, yaani mada inayoupamba, hukosea karibu kila mara. Hadithi hubadilika kila msimu. Kazi ambazo roboti hufanya ni chache na zinajirudia, na hizo ndizo za kuwinda. Kwa klabu iliyoko Mtwara, ambako mota ikiagizwa nje unaisubiri kwa wiki kadhaa, kuanza kufanyia mazoezi kazi sahihi mwezi mmoja kabla ni faida kubwa kuliko kupatia jina la kila kitu kilichomo uwanjani.

Hatua ya kwanza: bashirini kabla ya kutazama kidokezo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kabla hamjafungua hiyo picha au video, kaeni na historia.

FRC ilianza 1992. Kuanzia 2006 hadi 2025 ilitoka michezo mipya 19, maana 2021 walirudia mchezo wa 2020 kwa sababu ya korona. Katika hiyo 19, michezo 12 ilikuwa na mpira wa namna fulani: wa sponji, wa soka, wa kikapu, mkubwa kama wa mazoezi ya viungo, mdogo wa kushika kwa kiganja. Saba iliyobaki ilikuwa hivi: tyubu za kujazwa upepo mwaka 2007 na 2011, visahani vya kurusha 2013, makontena na mapipa ya taka 2015, makreti yaliyovishwa kitambaa 2018, koni pamoja na miraba ya kujazwa upepo 2023, na pete za sponji 2024.

Sasa tazameni mwisho wa mechi. Mpaka 2025 mechi ya FRC ilikuwa kama dakika mbili na nusu, na kwa kawaida sekunde 15 za mwanzo roboti ilijiendesha yenyewe kwa programu. Sekunde za mwisho zina kazi yake maalumu. Mwaka 2016 roboti zilipanda mnara, 2017 kamba, 2018 zilining'inia kwenye chuma, 2019 zilipanda ngazi ya jukwaa, 2020 zilining'inia kwenye bembea, 2022 zilidaka vyuma kimoja baada ya kingine kama tumbili, 2023 zilisawazisha ubao unaoyumba, 2024 mnyororo, 2025 kizimba kinachoning'inia. Michezo mipya tisa, na yote tisa iliishia roboti kuwa juu ya kitu.

Kwa hiyo, bila kidokezo chochote, klabu inaweza kuandika ubaoni: kuna kitu cha kuokota, zaidi ya nusu ya uwezekano ni mpira, kuna mahali pa kukiweka au kukitupia, mwishoni tutapanda. Huo ndio ubashiri wa msingi. Kidokezo kitakuja kuuvuta upande huu au ule, lakini kisiufute.

Tahadhari moja kwa wanaofuata FTC: msichukue hesabu hizi mkazipeleka kule. Uwanja wa FTC ni mdogo, mita 3.66 kwa kila upande, roboti ni ndogo, na waandaaji wake wana mapenzi yao mengine. Tangu Skystone ya 2019–2020 yenye matofali ya plastiki, wakaja na pete, koni, vigae vya pembe sita, vipande vya mstatili. Katika misimu sita hadi 2024–2025 mipira ilionekana mara moja tu, kwenye Freight Frenzy, tena ikichanganywa na masanduku madogo na bata wa plastiki. Halafu msimu uliofuata, Decode, mchezo mzima ukawa mipira. Kila shindano liandikiwe orodha yake.

Hatua ya pili: pateni kidokezo chenyewe

Kidokezo kikishafika kwenye kundi la WhatsApp kimeshapitia mikono mingi. Picha imebanwa, imekatwa pembeni, na kuna mtu ameshachora mduara mwekundu mahali anapodhani pana siri. Nendeni kwenye tovuti ya FIRST, pakueni picha au video katika ubora wake wote, usiku bando likiwa rahisi. Video isimamisheni kipande kwa kipande. Maneno yanakiliwe kwa mkono, pamoja na nukta na herufi kubwa zake.

Kisha mmoja asimame ubaoni aandike vinavyoonekana na kusikika, na visivyo hivyo akatae. "Duara tatu za rangi ya machungwa" anaandika. "Pete za kurusha" haandiki, kwa sababu kurusha hakupo kwenye picha, kumo kichwani mwa aliyesema. Kwa vijana wa kidato cha pili jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika, na mlezi atalazimika kuuliza mara nyingi: umekiona, au umekifikiria?

Hatua ya tatu: tenganisheni hadithi na kazi

Hapa tukae kidogo.

Kuna utani wa miaka mingi miongoni mwa timu za FRC kwamba mchezo wa mwaka huu utakuwa wa majini. Kila kidokezo, hata kikiwa picha ya kiatu, lazima atokee wa kusema "majini!" Ukifanya zoezi hili Mikindani au Lindi mjini, ambako mwanafunzi akitoka darasani anaiona bahari, utasikia kelele hizo hizo, na kwa dhati zaidi: "Madam, safari hii roboti inavua!" Mwache aseme, uandike, kisha umwonyeshe msimu wa 2025.

Mada ya msimu ule ilikuwa bahari. Jina la mchezo wa FRC lilikuwa Reefscape, na video yake ilijaa buluu na matumbawe. Kijana aliyewahi kufika Msimbati, akasikia habari za hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, angeapa kwamba safari hii maji yapo. Hata tone halikuwepo. "Tumbawe" lilikuwa kipande cha bomba la PVC la inchi 4, urefu wake karibu sentimita 30, na roboti ilikivisha kwenye matawi ya chuma ya urefu tofauti. "Mwani" ulikuwa mpira mkubwa wa kung'oa na kutupia kwenye wavu. "Kizimba" kilikuwa cha kuning'inia mwishoni. Ondoa rangi ya buluu, unabaki na kazi tatu: kuchomeka bomba mahali pa juu, kushughulika na mpira, kupanda.

Ukitaka kisa kingine, chukua msimu wa 2025–2026, ambao mada yake ilikuwa akiolojia. Mkoa wa Lindi una Tendaguru, kilima ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, ambako mpaka leo watu wanalipa kiingilio kuitazama. Una pia magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mtoto wa huku akisikia "akiolojia" anaona jembe, brashi, udongo. Angebashiri roboti inayochimba. Mchezo wa FRC wa msimu huo, Rebuilt, ulikuwa wa kurusha mipira ya sponji na kupanda mnara. Aliyeshika hesabu ya hatua ya kwanza alipata. Aliyefuata hadithi alikuwa bado yuko Tendaguru anafukua.

Kwa hiyo, gaweni ubao sehemu mbili. Kushoto andikeni hadithi: bahari, muziki, anga, ngome. Kulia andikeni vitenzi tu: okota, beba, inua, weka, panga, rusha, sukuma, vuka, panda. Kila wazo linalotolewa lazima liishie kulia. Anayesema "itakuwa kama bandari" aulizwe: bandarini roboti inafanya nini? Akijibu "inapanga mizigo", ameshatoa kitenzi, tunaendelea. Asipoweza kujibu, wazo lake linabaki kushoto na halipigiwi kura.

Hatua ya nne: someni kidokezo tabaka kwa tabaka

Anzeni na maneno. Kidokezo huandikwa kwa Kiingereza na hupenda kucheza na neno lenye maana mbili, kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza aalikwe kikao hiki, na kamusi iwe mezani. Andikeni maana zote za neno, hata ile ya ajabu. Mara nyingine jina husema ukweli mtupu. Mchezo wa 2004 uliitwa Raising the Bar, na kweli kulikuwa na chuma juu ambacho roboti zilikidandia. Decode, niliyoitaja, ilikuwa na mpangilio wa rangi wa kusomwa na kufuatwa, kama jina lilivyosema.

Mara nyingi zaidi jina halisemi kitu. Mwaka 2020 mchezo uliitwa Infinite Recharge, na 2023 ukaitwa Charged Up. Yote mawili ni majina ya umeme. Wa kwanza ulikuwa wa kurusha mipira ya njano, wa pili wa kuvisha koni kwenye nguzo na kuweka miraba kwenye rafu. Na neno "shehena", ambalo ndilo walilouita mpira mwaka 2019, walilitumia tena 2022 kwa mpira wa aina nyingine kabisa. Neno moja halitoshi kununulia hata bolti.

Kisha tarakimu. Zihesabuni, lakini kwa akiba. Wapo vijana watakaozidisha tarehe kwa idadi ya herufi mpaka wapate wanachokitaka, na ukiwaacha kikao kinaisha jua likizama. Swali linalofaa ni hili: tarakimu hii inaweza kuwa idadi ya vitu, urefu, au mwaka? Mwaka una mantiki yake. Lunacy, mchezo wa 2009, ulichezwa juu ya sakafu ya utelezi ili roboti ziteleze kama ziko mwezini, na mwaka huo ulikuwa wa 40 tangu binadamu afike mwezini kwa Apollo 11. Kwa hiyo orodha fupi ya matukio yanayotimiza miaka 25, 40, 50 au 100 inafaa kuwa karibu.

Wafadhili nao husaidia nusu. Boeing ilipofadhili mchezo, 2019 na 2022, hadithi zilikuwa za anga za juu na usafiri. Haas, watengenezaji wa mashine za kukerezea chuma, walifadhili 2023, 2024 na 2025, na hadithi zikawa umeme, muziki na bahari. Hapo utatabiri nini?

Kuhusu picha na rangi nina ushauri mmoja: rangi nyekundu na buluu mzipuuze. Kila mwaka pande mbili za FRC, roboti tatu kwa tatu, ni nyekundu na buluu, kwa hiyo hazikuambii jambo. Rangi ya tatu ndiyo ya kuitazama, kwa sababu mara nyingi ni ya kitu cha kuokotwa.

Hatua ya tano: wekeni dau la korosho

Kikao cha ubashiri kisicho na dau hugeuka porojo, na siku ya matokeo kila mtu atadai alisema. Dau letu liwe korosho zilizobanguliwa na kukaangwa. Kila mwanafunzi apewe 20, naye azigawe kwenye maswali yanayoandikwa ubaoni. Maswali yawe ya kujibika kwa ndiyo au hapana siku kitabu cha kanuni kitakapofunguliwa:

Kitu kikuu cha kuokotwa ni mpira? Roboti italazimika kukirusha, au inatosha kukiweka? Kuna mahali pa kukiweka palipo juu zaidi ya mita moja? Kuna kizuizi cha kuvuka sakafuni? Mwishoni kuna kupanda au kuning'inia?

Sentensi zenye kona nyingi zikataliwe. "Huenda kukawa na kitu cha duara kinachohusiana na mwendo" ni maneno ya mpiga ramli: lolote likitokea, yeye amepatia. Mpira ni duara, gurudumu ni duara, hata mizani ya waamuzi inaweza kuwa ya duara.

Malipo: ukipatia, korosho zako zinarudi mara mbili, ukikosea, zinaingia bakulini. Swali la kupanda lilipwe kidogo, korosho moja ya ziada kwa kila nne, la sivyo darasa zima litaweka 20 hapo na kukaa kimya. Kwa namna hii wanafunzi hujifunza hesabu za uwezekano bila kuona wanafundishwa, na mwalimu wa hisabati akipita dirishani atataka kuingia. Orodha ya madau isainiwe na kupigwa picha. Korosho zikae kwa mlezi, kwenye kopo lenye kifuniko kinachofunga vizuri, kwa sababu ambazo sina haja ya kuzieleza kwa mtu yeyote aliyewahi kuishi na wanafunzi wa bweni.

Jumlisheni korosho za kila swali. Kitenzi kilichobeba nyingi kuliko vyote ndicho mtakachokifanyia mazoezi.

Kuna shida ya kalenda. Januari ikianza, shule nyingi bado zimefungwa, na kikao cha Desemba kina wanafunzi wa kutwa tu. Wengine wako kwao Newala, Masasi, Nachingwea. Madau yao yakusanywe kabla ya kufunga shule ikiwa kidokezo kimeshatoka, au yaje kwa simu za wazazi. Jina na video fupi hutoka mapema, kwa hiyo kikao cha mwisho wa Novemba kwa kawaida kinatosha.

Hatua ya sita: jaribuni kazi, kwa vitu vya sokoni

Sasa mikono ifanye kazi. Msitengeneze roboti. Tengenezeni kiungo kimoja cha mbao na plaiwudi ambacho kinafanya kitenzi kimoja, mkivunje, mtengeneze kingine.

Vitu vya mchezo tunavyo. Kreti ya soda inatosha kabisa badala ya kreti ya 2018. Tyubu ya pikipiki iliyojazwa upepo ni ile ya 2007. Kipande cha bomba la PVC kinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, na fundi bomba huwa na mabaki anayatupa. Kwa mpira, chandimu wa mifuko na kamba unafaa kuanzia, ila ni mgumu na haubonyei. Mpira wa FRC mara kadhaa umekuwa wa sponji, kwa hiyo ombeni mabaki ya sponji kwa fundi makochi, mkate duara, mfunge kwa uzi.

Kuokota ndiko kwa kuanzia, maana roboti isiyookota haina la kurusha wala la kupanga. Chukueni kipande cha bomba chembamba, mkichomeke kwenye drili ya betri, mkibandike vipande vya kandambili kuukuu vikisimama kama meno. Kishikeni juu ya sakafu, kikizunguka kuelekea ndani, na mpira uingie chini yake. Nafasi kati ya bomba na sakafu iwe ndogo kuliko mpira kwa sentimita moja hadi tatu, ili mpira ubanwe kidogo. Ikiwa pana sana, mpira unazunguka palepale. Ikibana mno, drili inakwama au mpira unachanika. Pimeni kila nafasi na kuandika mipira mingapi kati ya kumi imeingia. Jaribuni pia kuufuata mpira uliojibanza kwenye kona ya ukuta, kwa sababu uwanjani mipira hupenda sana kona.

Kuweka juu ni suala la reli. Reli za droo kutoka kwa fundi seremala, kamba ya nailoni na kapi mbili zinatosha kuonyesha jinsi mkono unavyorefuka hatua kwa hatua. Angalieni unavyoyumba ukiwa umenyooka wote. Hapo ndipo vijana wanaelewa kwa nini timu kubwa hulia na uzito wa juu.

Kurusha kunahitaji gurudumu linalozunguka kwa kasi, na kasi hiyo isishuke sana mpira unapopita, kwa hiyo gurudumu liwe zito. Miwani ya kulinda macho ni lazima, na hakuna anayesimama mbele. Shule isiyo na miwani iache kurusha, ifanye vingine.

Kupanda kunafundisha kuliko vyote. Nendeni gereji mkaombe mota ya waipa ya gari lililokufa. Ndani yake kuna gia ya msokoto, na uzuri wake ni kwamba umeme ukikatika mzigo haurudi chini kirahisi. Kwenye FRC hilo lina thamani, kwani roboti huhesabiwa ikiwa bado juu baada ya kengele ya mwisho. Iunganisheni na betri ya bajaji, ambayo ni volti 12 sawa na betri ya FRC, mviringe kamba kwenye kigoma, mnyanyue ndoo ya maji. Ongezeni maji taratibu mpaka mota ishindwe, muandike kilo. Kisha elekezeni macho kwenye mfuko wa saruji wa kilo 50: roboti ya FRC ikiwa na betri na bampa zake huzidi hapo, na hupanda kwa sekunde chache. Acheni vijana wapige hesabu wenyewe ya nguvu inayohitajika. Fizikia ya kidato cha tatu inatosha.

Hatua ya saba: msinunue kitu kwa sababu ya fumbo

Fedha ya klabu itoke tu kwa vitu vitakavyotumika mchezo ukiwa wowote: bolti na nati za ukubwa mmoja, waya, fyuzi, betri, magurudumu, bisibisi nzuri. Hivi agizeni mapema hata Oktoba, vije na basi la Dar es Salaam bila haraka. Mpira maalumu, sponji maalumu, mota ya kurushia: subirini kitabu. Mzazi akijitolea kununua kitu kwa sababu mwanawe "ana uhakika na mchezo", mshukuruni, mwelekezeni kwenye bolti.

Hatua ya nane: usiku wa uzinduzi

Uzinduzi wa FRC kwa kawaida huwa saa sita mchana kwa saa za mashariki ya Marekani. Huku kwetu ni saa 2 usiku. Umeme unaweza kukatika, kwa hiyo laptopu zichajiwe kuanzia asubuhi na simu moja iwe ya akiba ya intaneti. Kwa miaka mingi kitabu cha kanuni kimekuwa kikitolewa siku kadhaa kabla kikiwa kimefungwa kwa nywila, na nywila hutajwa wakati wa matangazo. Pakueni mapema, ili usiku huo mhitaji nywila peke yake. Video ikikwamakwama achaneni nayo. Kitabu ndicho chenye neno la mwisho.

Kabla ya kufungua, someni madau kwa sauti. Kisha gaweni kurasa: kundi moja lisome kuhusu kitu cha kuokota, lingine alama, lingine ukubwa na uzito wa roboti, lingine sekunde za mwisho. Baada ya nusu saa kila kundi liwaeleze wenzake kwa Kiswahili, bila kusoma. Asiyeweza kueleza kwa Kiswahili arudi kwenye ukurasa.

Mabinti waruhusiwe kuondoka mapema au wazazi waje kuwachukua. Hili lipangwe wiki moja kabla, lisiachwe mpaka saa 4 usiku.

Hatua ya tisa: lipaneni, mrekebishe

Lipeni korosho palepale. Baada ya hapo, wiki hiyohiyo, rudini kwenye ubao mliopiga picha mkaweke alama tatu. Mkijua mchezo sasa, ni kipande gani cha kidokezo kilikuwa kinasema kweli? Kipi kilikuwa pambo? Na ni kitenzi gani kilikuwa mbele ya macho yenu mkakipita? Andikeni majibu kwa ufupi, ukurasa mmoja kwa msimu. Baada ya misimu mitatu mtaanza kuona tabia za waandaaji, mahali wanapopenda kuficha na mahali wanapopenda kuchezea watu.

Klabu changa isisubiri misimu mitatu. Chukueni majina na video za miaka ya nyuma, mlezi azionyeshe moja moja bila kusema mchezo ulikuwaje, wanafunzi waweke madau, kisha afungue kitabu cha mwaka ule. Vitabu vya zamani vipo kwenye tovuti ya FIRST. Jumamosi moja inatosha kwa michezo minne au mitano, mradi asiwepo kijana aliyekwisha kuitazama yote YouTube. Huyo apewe kazi ya kushika korosho.

Na faili la kumbukumbu, yaani madau, picha za ubao, vipimo vya mipira na kilo za waipa, likae kabatini kwa mlezi na nakala yake iwe kwenye kompyuta ya shule. Lisikae kwenye simu ya mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti huwa wa kidato cha nne, na akimaliza mtihani wa Novemba anaondoka nalo hadi Tandahimba.